Bomba Nililomfungia Mama Nduku

Nduku alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa ofisini Hurlingham, Nairobi, nikigombana na mteja kuhusu tangi lililopasuka, akaniambia mama yake amefariki. Sikuwa nimemaliza kusema pole aliponieleza kwamba wameshakubaliana: kwenye maombi ya Jumamosi, nyumbani kwao Woodley, mimi ndiye nitakayezungumza juu ya miaka ya River Road. "Wewe ndio ulimjua wakati wa hoteli, Auntie Nafula. Sisi tulikuwa watoto." Mchana akanitumia nakala ya kijitabu cha mazishi nikikague kabla hakijapelekwa kwa wachapaji. Historia ya marehemu ilikuwa kurasa mbili, na katikati ya ukurasa wa kwanza palikuwa na sentensi moja: aliendesha hoteli River Road kwa miaka sita, kisha akaiacha kwa sababu za kiafya. Nimesoma mikataba ya kila aina katika kazi yangu, mingine ya kunitoa jasho, lakini hakuna maandishi yaliyowahi kunishinda kusoma mara ya pili kama yale. Mama Nduku alikuwa mzima siku aliyofunga hoteli yake. Iliyoifunga ilikuwa kazi ya mikono yangu, futi tatu za bomba la plastiki ndani ya mtaro wa maji taka, na hilo nimelijua miaka yote hii bila kumwambia mtu.

Nilikozaliwa na nilikosomea si muhimu hapa, wala sitaki ile huruma inayokuja na hadithi za utotoni. Nitasimulia mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka magharibi na cheti cha ufundi wa mabomba ndani ya bahasha ya khaki, na kiburi kingi kuliko vifaa. Mafundi wa River Road walikuwa wakikaa kwenye benchi mbele ya duka moja la vifaa vya ujenzi, kila mmoja na mfuko wake wa spana miguuni, wakingoja wateja. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye benchi lile. Mteja akija kuulizia fundi, wote walininyoshea vidole wakicheka, mteja naye akacheka, kisha akachukua mwanamume. Mkubwa wa benchi alikuwa Fundi Ombima, mtu wa kwetu, mwenye tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi. "Nafula, si ungefungua tu saluni?" aliniuliza kila asubuhi badala ya salamu. "Hapa tunashika mavi ya watu." Nilimjibu kwamba mavi hayaulizi ni nani anayeyashika, na benchi zima likaangua kicheko. Nilicheka nao. Jioni, nikishapanda ngazi hadi chumba changu cha kupanga, nililia kwa hasira, kisha nikalifungua daftari langu la chuo nikasoma tena. Nilijiapia kwamba haitatokea siku watu wa benchi lile wanikute nimekosea. Nilikiona kiapo hicho kuwa ujasiri. Leo nakiona vingine.

Mtu wa kwanza kunipa kazi bila kucheka alikuwa Mama Nduku. Hoteli yake ilikuwa chini ya jengo kuukuu, mlango ukielekea uchochoroni: chumba kimoja kirefu chenye meza sita zilizofunikwa kwa nailoni ya maua, kalenda ya kanisa ukutani, na nyuma kabisa jiko la makaa ambalo moshi wake ulikuwa umepaka dari rangi ya chai. Alikuwa Mkamba, mwembamba, mwenye sauti ya kufika barabarani, na muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ulikuwa laini hivi kwamba wazee wasio na meno waliufuata kutoka mbali. Waliokula pale walikuwa wachapaji wa kadi za harusi kutoka ghorofa ya juu, washonaji, na wageni wa vyumba vya bei nafuu. Maji aliyanunua kwa mitungi kutoka kwenye mkokoteni, na kwa sababu hakujua yalikotekwa, sufuria ya kwanza kupanda jikoni kila alfajiri ilikuwa ya maji ya kunywa, hata kabla ya chai. Aliyachuja kwa kitambaa cheupe, akayachemsha hadi yakafanya ghasia, akayaacha yapoe, akayatia kwenye jagi. Wateja walilalamika kwamba yananuka moshi. "Kunywa hivyo hivyo," aliwaambia. "Mimi nataka ukikula kwangu leo, kesho urudi." Choo hakikuwapo. Wanaume walikwenda uchochoroni, wanawake walijikaza hadi wafike kwao. Mama Nduku alitaka kuyakomesha hayo yote kwa mpigo: mfereji wa bomba ndani ya hoteli, sinki la kunawia mikono karibu na mlango, na choo cha kuvuta maji, chenye kitasa, ambacho mwanamke angeingia bila kuona haya.

"Ati wewe ni fundi?" aliniuliza siku aliyonifuata pale kwenye benchi.

"Ndio, Mama."

"Wa ukweli, ama ni mchezo?"

"Wa ukweli."

"Basi kuja ukule kwanza. Fundi akiwa na njaa atapima vibaya."

Nilikula sahani mbili na bado nikapima vibaya. Mita ya maji ilikuwa kwenye ukuta wa ng'ambo ya uchochoro, na katikati, chini ya vibamba vya saruji, ulipita mtaro wa maji taka ya majengo yote ya pale. Njia niliyofundishwa chuoni ilikuwa kulipandisha bomba ukutani, kulivusha juu ya uchochoro na kulishusha upande wa pili, mbali kabisa na uchafu. Nilipima kupanda, nikapima kuvuka, nikasahau kushuka. Ni kosa la mtu anayepima huku akiangalia kama anaangaliwa. Nilipokwenda dukani kununua bomba, Ombima aliinua shingo pale kwenye benchi akauliza futi ngapi. Nikamtajia. "Ongeza kumi," akasema. "Hiyo haitafika." Nilimwambia, kwa sauti ya kusikika na benchi zima, kwamba mimi sipimi kwa macho kama wengine. Walipiga makofi. Nikaondoka na bomba langu jeusi begani, kifua mbele.

Saa nane mchana nilikuwa juu ya ngazi, bomba limeshavuka uchochoro na linaning'inia hewani, na kutoka pale hadi chini palikuwa na urefu wangu na zaidi. Ingenitosha kurudi dukani. Ni mwendo wa dakika tano. Ningenunua kipande na kiungo cha kukaza kwa spana, ningechekwa hadi Krismasi, na mama wa watu angekuwa na maji salama. Badala yake nililishusha bomba lote, nikainua kibamba kimoja cha saruji, nikalipitisha ndani ya mtaro, njia ya mkato. Hata huko lilipungua futi tatu. Nikaokota kipande kilichotupwa, nikapasha ncha moja kwa mshumaa hadi ikalainika, nikaichomeka juu ya ncha nyingine, nikaizungushia blada, ule utepe wa mpira unaokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Mafundi wengi hufunga hivyo. Maji yakiwa na nguvu ndani ya bomba, hakuna kinachoingia. Lakini yakikatika, bomba hubaki tupu na kuvuta kwa ndani, na kama kiungo chake kimelala ndani ya maji taka, litavuta maji taka. Sijasingizia kutojua. Jambo hilo lilikuwa kwenye daftari langu, nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilijiambia nitarudi mwezi ujao kulifunga upya, nikarudishia kibamba, nikanawa mikono.

Siku ya kufungua mfereji alikuja mchungaji, wakaja na wachapaji na mikono yao ya wino, na Nduku mwenyewe, akiwa darasa la pili, akaruhusiwa kuuzungusha mfereji wa kwanza. Mama Nduku alinawa mbele ya watu wote, polepole, akigeuzageuza viganja. Kisha akanivuta pembeni. "Na hii ya kunywa, niendelee kuchemsha?" Nilikuwa nimevaa ovaroli mpya siku hiyo. Nilimwambia, "Mama, kuchemsha ni ya mitungi. Hii ni ya bomba, imewekwa dawa huko inatoka. Utachoma makaa ya bure." Aliniangalia kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Haya basi, wewe ndio umesoma." Kesho yake sufuria ya kwanza kupanda jikoni ilikuwa ya chai.

Miezi iliyofuata ndiyo niliyoipenda kuliko yote ya ujana wangu, na hilo pia linanitia aibu. Nilikuwa na kiti changu karibu na sinki. Nilisikia mwanamke mmoja mshonaji akimwambia mwenzake, "Mimi nakuja hapa sababu ya hiyo choo, chakula ni nyongeza tu," nikatabasamu ndani ya kikombe. Mama Nduku alinitangaza kwa kila aliyeingia. "Mnaona huyu? Huyu ndio fundi wangu. Mnataka maji kama yangu, mwiteni." Wakaniita kweli. Nikapata kazi mtaa mzima, na Ombima mwenyewe akaja siku moja, akanywa jagi zima, akapangusa midomo. "Nafula, umeweza," akasema. "Lakini ile paipu ulifikisha aje?" Nilimwambia nilinyosha kidogo. Alipotaka kutoka kulitazama bomba uchochoroni, nilisimama mlangoni nikamwita arudi ale chapati kwa gharama yangu. Akarudi. Ule mwezi ujao niliojiahidi ulipita, na mingine ikaufuata.

Kiangazi kilipokaza, maji yakawa ya mgao, siku mbili kwa wiki. Adhuhuri moja nilikuwa kwenye kiti changu na chapati mkononi maji yaliporudi. Mfereji ulikohoa, ukatema hewa, ukatema maji ya kahawia, na harufu ikanijia puani, harufu niliyoijua kwa sababu ya kazi yangu. Kisha maji yakawa meupe. Msichana wa kuosha vyombo alingoja kidogo, akakinga jagi, akalipeleka mezani kwa Mzee Mutua, mchapaji wa kadi, aliyekuwa akila pale kila siku. Nilimwona akimimina. Nilimwona akinywa. Ningeweza kusema, "Mzee, weka hiyo chini." Maneno manne, hayakuhitaji elimu. Niliiweka chapati yangu sahanini, nikasema nimeshiba, nikatoka.

Wiki mbili baadaye Mzee Mutua alilazwa na homa ya matumbo. Wakafuata wachapaji wengine wawili, kisha mshonaji yule aliyependa choo. Ijumaa nikasikia kwenye benchi kwamba maafisa wa afya watakuja Jumanne kukagua hoteli. Jumapili asubuhi, River Road ikiwa tulivu na watu wa makanisa wakipita na Biblia zao, niliingia uchochoroni na bomba jipya begani. Niling'oa yote. Ule utepe wa blada ulikuwa umelegea, na chini yake ulikuwa umeota utelezi wa kijani. Nilifunga njia mpya kupitia juu ya ukuta, kama nilivyofundishwa, kupanda, kuvuka na kushuka, nikaweka viungo vya kukaza kwa spana, nikausafisha mfereji kwa dawa. Ilikuwa kazi nzuri, na ndiyo iliyomwangamiza Mama Nduku. Alinikuta pale juu ya ngazi akitoka kanisani, akauliza nafanya nini. Nikamwambia naboresha kidogo. Akaniletea soda.

Jumanne maafisa walichukua maji kwenye vichupa, wakachukua na wapishi kupimwa. Majibu ya maji yalirudi kwanza. Nilikuwa pale. "Mama, maji yako ni safi kabisa, sijaona shida," afisa mmoja alisema, kwa heshima. "Sasa tuangalie upande wa mikono. Kuna mtu anaweza kuwa na hii ugonjwa ndani yake na haumwi. Anapikia watu, wao ndio wanaumwa." Wakati wanangoja majibu makubwa ya wapishi, yeye akiwamo, Mama Nduku hakuvumilia, akakimbilia zahanati moja ya pale karibu, wakamtoa damu, wakamwambia anayo homa ya matumbo. Kwa kipimo kile, mtu yeyote aliyewahi kula chakula cha Nairobi angeweza kukutwa nayo. Majibu makubwa yalipokuja baadaye hayakuonyesha kitu, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Niliwasikia wanawake wawili kwenye duka la vifaa. "Si ni yule mama wa muthokoi? Ati iko ndani yake." "Woi, na vile nilikuwa nakula huko!" Ombima aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nikichagua misumari ambayo sikuihitaji.

Siku aliyofunga aliniita nimsaidie kufungua sinki. Meza zilikuwa zimebebwa, kalenda ya kanisa imebaki. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaiangalia mikono yake, mbele na nyuma.

"Nafula, wewe umesoma haya mambo. Niambie ukweli. Ni mimi?"

Nimelirudia swali lile miaka yote hii, nikiendesha gari, nikikagua kazi za watu. Sikuulizwa na afisa wala hakimu. Niliulizwa na mtu aliyenilisha kwanza ndipo akanipa kazi. Nilikuwa na spana mkononi. Nilifikiria benchi, nikafikiria wateja wote aliowaambia waniite, nikamjibu, "Pumzika kidogo tu, Mama. Pengine ni uchovu." Sikusema ndiyo, na kwa muda mrefu nilijipa moyo kwa hilo. Ni ujinga wa kujidanganya. Alisikia ndiyo. Aliinuka akanishukuru.

Alihamia Woodley akawa anauza nguo za mitumba, na biashara ikamwendea vizuri. Mimi nikapanda, kutoka benchi hadi duka, kutoka duka hadi ofisi, na kila mtu aliyeniuliza nilianzaje nilimtajia Mama Nduku, kwa majivuno. Kila Desemba nilimpelekea unga, mafuta na mchele. Alipokea kwa mikono miwili, akanikaribisha kitini, akanipa soda iliyofungwa na opena ya kuifungulia, na biskuti ambazo karatasi yazo haijaguswa. "Fungua mwenyewe, mwanangu," alikuwa akisema, na kujivuta nyuma kidogo. Nilijua ni kwa nini anajivuta. Nilifungua, nikanywa, nikauliza habari za kanisa.

Jumamosi nilifika Woodley mapema. Kiwanja kilikuwa na mahema na viti vya plastiki, na watu waliotoka River Road wakati ule walikuwa wengi, wamezeeka. Nilimkuta Nduku jikoni peke yake, akihesabu sahani za wapishi wa kukodi. Nikafunga mlango. Nilimwambia yote, kuanzia futi nilizosahau hadi Jumapili ile. Niliposema kwamba nilibadilisha bomba kabla ya maafisa kufika, aliweka chini sahani alizoshika.

"Kwa hivyo walipata maji safi sababu yako."

"Ndio."

"Na ulijua."

"Nilijua, Nduku."

Aliangalia jiko la gesi la mama yake, lililokuwa jeupe na jipya ingawa lilikuwa pale miaka mingi. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Auntie," akasema, "mimi nilikuwa class two. Kutoka hiyo siku mama yangu hakuwahi kunipikia. Hata uji. Alikuwa analipa jirani anipikie, halafu anasimama huko kwa mlango anaangalia nikikula. Nikimwambia akuje tukule pamoja, anasema ameshiba. Nikiwa mgonjwa hakuwahi kunishika." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mimi nimekua nikijua mama yangu hanipendi."

Kutoka nje mchungaji aliita jina langu kwa kipaza sauti: Fundi Nafula, rafiki wa marehemu, aje atuambie machache. Nduku alinifungulia mlango. "Enda," akasema. "Na useme vile umeniambia. Usitoe hata kitu moja."

Nikasimama mbele yao, nikawaambia kwamba mikono ya Mama Nduku haikumletea mtu ugonjwa, kwamba aliyewaletea ni mimi. Nilieleza yote hadi mwisho, kisha nikarudisha kipaza sauti.